Kadi ya Mwaka kwa Jina la Velma

Riyadh, Ijumaa 16 Januari 2026

Kwa Baba Mkubwa Solomon,

Shikamoo. Elly wa basi la Jeddah ameniambia alikukuta umekaa mbele ya duka la Hamdan, unasoma gazeti bila miwani, na alipokuita mara tatu hukugeuka. Kwa hiyo macho ni mazima, masikio ndiyo yamezidi kulala. Basi tutaendelea na karatasi, na Elly ataendelea kuwa posta yetu.

Huku sote tuko salama. Mama amenipigia kutoka Mumias. Anasema magoti yanamsumbua lakini bado anajipeleka sokoni mwenyewe, hataki msaada wa mtu. Dada yangu Stacy amejifungua msichana tarehe tatu. Wamempa jina la Kukhu, Rispah. Nilijua utafurahi kusikia jina la mama yako limerudi nyumbani.

Sasa jambo lenyewe. Hosteli yetu iko kusini kabisa mwa mji, na ofisi ninazosafisha ziko Olaya. Basi la kampuni linatuchukua saa kumi na nusu alfajiri, linazunguka hosteli nyingine mbili, na kazi inaanza saa moja. Kwa saa mbili na nusu natazama kisogo cha dereva. Metro ni dakika thelathini na tano. Siku ninazoweza, nanunua tiketi yangu mwenyewe na kulala kidogo zaidi. Mwaka huu wameleta tiketi ya mwaka mzima, ya metro na mabasi ya mji pamoja. Unalipa kama miezi tisa, unasafiri kumi na miwili.

Wenzangu wananicheka. Jana Maureen alisema mbele ya chumba kizima, "Ikama yenyewe, kibali cha kuishi hapa, tunapewa ya mwaka, tena kwa maringo. Wewe unanunua treni ya mwaka? Wakikurudisha Machi utapanda nayo mpaka Kakamega?" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini usingizi ulinipotea.

Wewe umeishi nchi hii tangu kabla sijazaliwa. Ninunue?

Mtoto wako,
Velma


Jeddah, Ruwais, 24 Januari 2026

Mwanangu Velma,

Marahaba. Nimepokea barua yako mkononi mwa Elly, pamoja na majani ya chai. Hapa Ruwais hakuna jipya. Wanabomoa nyumba mbili nyuma ya msikiti na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Mpe mama yako pole ya magoti, na umwambie asipuuze.

Nimelifikiria suala lako siku tatu. Nunua.

Nitakupa sababu zangu. Wewe umehesabu bei, na bei ni faida ndogo kuliko zote. Kwanza, mwenye tiketi ya siku hujiuliza kila asubuhi kama safari hii ina thamani ya nauli yake. Hujiuliza akienda kazini, hujiuliza zaidi akitaka kwenda mahali pasipo na lazima: kumwona mgonjwa, kununua kitabu, kutembea tu. Mwishowe huacha kwenda. Mwenye tiketi ya mwaka amejiuliza mara moja. Pili, hutasimama tena mbele ya mashine kadi ikikataa na watu nyuma yako wakinung'unika. Tatu, ile saa moja na nusu unayoipata kila asubuhi ni yako. Kwa siku sita za juma ni saa tisa. Usingizi wa saa tisa kwa juma utakuokoa na maradhi ambayo bado huna jina lake.

Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike "nunua" bila kusita. Nina miaka arobaini na miwili katika nchi hii na nimenunua kila kitu kwa mwezi. Chumba kwa mwezi, dawa kwa mwezi, hata gazeti. Sikuwahi kununua kabati kwa sababu kabati halisafiri. Maureen anacheka kwa sababu anaogopa, nami namwelewa. Lakini mtu anayeishi mwezi mwezi kwa miaka arobaini hafiki popote, wala harudi.

Kuna sharti moja. Tiketi ya mwaka hufungwa kwa jina na namba ya ikama. Iwe mkononi mwako tu. Usimpe mtu, hata kwa siku moja, hata kwa kituo kimoja. Sina haja ya kueleza.

Baba Mkubwa wako,
Solomon


Riyadh, 27 Februari 2026

Baba Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wenzangu wa chumba namba sita, ambao sasa wanakuita Mwalimu. Niliwasomea sababu zako nne. Maureen akasema, "Huyo mzee mwenyewe ameoa?" Sijui alimaanisha nini.

Nimenunua! Tangu tarehe mosi. Naamka kumekucha kidogo, nakunywa chai nimekaa, naingia Olaya nikiwa na uso wa binadamu. Ijumaa iliyopita nilipanda mpaka mwisho wa njia na kurudi, bila kwenda popote. Nilitazama tu. Miaka mitatu nimekaa mji huu na sikuwahi kuuona ukipita kwa juu.

Kuna kubwa zaidi. Kliniki moja ya meno karibu na ofisi zetu inatafuta msaidizi wa wauguzi. Cheti changu cha Kenya wamekikubali. Wanataka barua ya kuniachilia kutoka kwa kampuni, isiyo na doa. Nitaacha ndoo na mopu, Baba Mkubwa. Nitarudi kwenye kazi niliyosomea. Supavaiza wetu, Cliff, Mganda, amesema nikimaliza miezi mitatu bila ripoti mbaya ataisukuma barua mwenyewe. Niombee.

Metrine anakusalimu. Ni yule wa Webuye tunayelala kitanda cha juu na chini, anayefanya zamu ya mchana kwenye jumba la maduka. Siku hizi anafika hosteli kabla ya saa sita usiku. Zamani basi lilikuwa linamrudisha saa nane, miguu imevimba.

Mama anauliza mbona hukusema lolote kuhusu mtoto.

Velma


Ruwais, 8 Machi 2026

Mwanangu,

Nimefurahi kuhusu kliniki. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na nimeisoma aya ile mara nyingi. Tunza jina lako kama yai kwa miezi hii mitatu.

Kwa Stacy, hongera. Jina ni zuri.

Swali langu ni moja. Basi la kampuni halijabadilika, wala zamu ya Metrine haijabadilika. Metrine anarudi na nini?

Nijibu kwa Elly huyu huyu. Nimemwambia asubiri.

Solomon


Riyadh, 3 Aprili 2026

Baba Mkubwa,

Samahani kwa kuchelewa. Elly alisubiri lakini nilikuwa kazini, halafu ikaja Idi na safari zikapangwa upya. Nyumbani mvua imeanza vizuri. Mama amepanda.

Najua unachouliza, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Metrine anarudi na kadi yangu. Lakini sikumwazima. Tuliinunua pamoja, nusu kwa nusu, kama tunavyofanya kila kitu hapa. Jiko la gesi ni la watu wanne. Friji ni la chama. Pasi ya nguo ina wenyewe sita na haijawahi kugombewa. Asubuhi kadi inanipeleka mimi. Saa tisa mchana Metrine anashuka na basi la kampuni Olaya, namkabidhi mlangoni pa kituo, mimi napanda basi hilo hilo kurudi. Akimaliza zamu, anarudi na metro, anaiweka chini ya mto wangu. Mimi nalala asubuhi, yeye analala usiku. Hakuna siku hata moja tumeitumia wote kwa pamoja.

Ningeweza kukuficha. Lakini ile barua ya sababu nne ilikuwa nzuri mno, nikaona nikikudanganya nitakuwa nimekuibia.

Usiogope sana, Baba Mkubwa. Umeogopa mpaka hukununua kabati.

Velma


Ruwais, 10 Aprili 2026

Velma,

Nimekusoma. Mzaha wa kabati nimeustahili.

Acheni. Leo, si kesho. Mrudishie Metrine nusu yake. Nimempa Elly bahasha, imo humo, usiihesabu mbele ya watu. Kadi ibaki kwako peke yako, yeye ajinunulie yake.

Unasema hukumwazima. Mwenye mashine hatakuuliza nani alilipa. Atauliza jina la nani. Niliwahi kuona jambo la namna hii zamani, hapa Jeddah. Halikuisha vizuri. Sitaki kuliandika.

Naomba uniambie kwa neno moja kwamba mmeacha.

Solomon


Ruwais, 24 Aprili 2026

Mwanangu,

Elly amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema ulimwambia uko na kazi nyingi. Vumbi la nyumba za nyuma limeisha, sasa ni kelele, lakini mimi sizisikii, kwa hiyo nimepata faida.

Neno moja tu, Velma.

Solomon


Riyadh, Jumapili 3 Mei 2026

Baba Mkubwa,

Sina salamu za kuandika leo, unisamehe. Wote wazima.

Hatukuacha. Bahasha yako ninayo, haijafunguliwa. Metrine aliikataa. Alisema ya mwaka mpya itakapotoka naye atajinunulia yake, tumalizie hii tu. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Alhamisi usiku mkaguzi alisimama kwenye behewa. Alisoma kadi kwa kile kimashine chake, akamwomba Metrine ikama. Majina mawili. Metrine hakukimbia wala hakulia, alisema tu, "Ni ya rafiki yangu." Kadi ilichukuliwa na taarifa ikaja kampuni.

Leo asubuhi Cliff aliniita ofisini. Alifunga mlango. Alisema kampuni inataka maelezo yangu kwa maandishi kabla ya Alhamisi tarehe saba. Mistari mitatu inatosha. Alinipa na kalamu.

"Andika imeibiwa," akasema. "Umelala, umeamka, kadi haipo. Halas, basi."

"Na Metrine?"

"Metrine atarudi nyumbani. Mkataba wake umebakiza miezi mitano, hatapoteza sana."

"Nusu ya kadi ni yake, Cliff."

"Kadi haina nusu. Ukiandika ulimpa, mnalipa faini wote wawili, na ile barua yako ya kliniki siwezi kuigusa. Nitaandika nini? Bila doa? Yalla, dada, unataka kuwa shujaa wa nani?"

Metrine ananisubiri kila nikiingia chumbani, lakini haniulizi. Jioni hii tu alisema, huku anakunja shuka, "Ukiandika nimeiba, andika nimeiba nusu. Nyingine nililipia." Maureen alicheka kisha akatoka nje haraka.

Nilipiga simu ya duka la Hamdan leo saa saba. Alikwenda kukuita, nikamsikia anakupigia kelele ngazini. Akarudi akasema unaumwa kichwa. Baba Mkubwa, Hamdan hajui kudanganya.

Uliniambia uliona jambo kama hili. Liliishaje? Niandike nini?

Velma


Ruwais, Jumamosi 9 Mei 2026

Mwanangu Velma,

Barua yako ya tarehe tatu imenifikia leo adhuhuri. Basi la Elly lililala siku mbili njiani kwa ubovu. Alhamisi imekwisha pita. Umekwisha andika, nami sijui uliandika nini. Naandika hata hivyo, kwa sababu nikingoja kujua, nitapata kisingizio cha kutoandika.

Sikuumwa kichwa. Nilisimama kwenye ngazi na Hamdan ananionyesha simu, nikajua unataka kuuliza nini, nikarudi chumbani.

Mwaka 1990 baba yako alikuwa hapa. Hilo unalijua. Ulichoambiwa ni kwamba alikuwa dereva Taif, akachoka na kazi, akaja kwangu Jeddah, kisha akapoteza pasi na kucheleweshwa kurudi. Nitakuambia kilichotokea.

Jackton aliondoka Taif kwa sababu hakuwa analipwa. Karatasi zake zilibaki kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Alikuja kwangu amekonda, ana maumivu ya figo hawezi kusimama wima. Hospitali hawakumpokea bila ikama. Wakati ule ikama ilikuwa kijitabu, na picha yangu ilikuwa ya miaka sita nyuma. Tulifanana. Nilimpa changu. Nilimwambia, "Siku tatu tu, na wakikuuliza wewe ni Suleiman," maana ndivyo walivyoniita kule bohari. Alicheka, akasema jina hilo litamponya haraka.

Alitibiwa. Siku ya tatu, akirudi kwangu, askari walisimamisha gari. Walimwambia atie sahihi. Sahihi yake haikuwa yangu.

Kesho yake walikuja bohari bandarini, nilikokuwa karani. Walikuwa wapole. Waliweka kijitabu changu mezani, wakauliza kimefikaje mikononi mwa yule mtu. Kafili wangu alikuwa amesimama pembeni. Mtu mwema, nilimpenda. Alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Sema kimeibiwa, Suleiman, halas."

Nikasema, "Kimeibiwa."

Wakauliza kama namjua. Nikasema simjui.

Alikaa gerezani miezi saba. Mtu aliyekiri ameazima ikama ya ndugu yake, wakati ule, mara nyingi alirudishwa kwao kwa majuma machache. Aliyeiba alifungwa kwanza. Mama yetu alifariki mwezi wa tatu wa kifungo chake. Mimi sikwenda, kwa sababu ningelazimika kusimama mbele ya watu na kuulizwa Jackton yuko wapi. Niliandika kwamba kafili amenikatalia ruhusa. Hakunikatalia. Sikumwomba.

Jackton alipofika nyumbani hakusema. Aliniandikia kila Desemba, miaka ishirini na sita, hadi alipofariki. Ninazo zote. Ameandika kuhusu mvua, karo, ng'ombe, kuzaliwa kwako. Hakuna hata moja iliyotaja. Kila mwaka nilifungua bahasha nikilitafuta jambo lile, na kila mwaka alinisalimu vizuri. Ningependelea anitukane.

Sikurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Watu husema Solomon amelogwa na vitabu vya Waarabu. Mimi naliogopa swali moja tu, na ningelikuta getini kabla sijashusha mzigo.

Unauliza liliishaje. Halijaisha. Kafili alinibakiza kazini. Nilipata kila nilichotaka kukiokoa siku ile: kazi, chumba, ikama safi. Ninavyo hadi leo, na sijui nivifanyie nini.

Sikushauri, sina haki hiyo. Nimekuambia tu kinachokuja baada ya lile neno.

Solomon


Riyadh, Ijumaa 22 Mei 2026

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tuko hai sote.

Barua yako niliipata Alhamisi tarehe kumi na nne. Nilikuwa nimekwisha andika tarehe saba. Niliandika imeibiwa. Sikutafuta maneno mengine, niliandika kama Cliff alivyosema, mistari mitatu, nikatia sahihi. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Walikuwa bado hawajampatia Metrine tiketi ya ndege. Alisimamishwa kazi, akawa anashinda hosteli. Sanduku lake lilikuwa limefungwa, limesimama katikati ya vitanda vyetu, nami nilikuwa nalizunguka kwenda bafuni. Hakunitukana. Alikuwa ananipakulia chakula kama kawaida, na sikuweza kukimeza.

Nilisoma barua yako bafuni, mara mbili. Jumapili nilienda ofisini kabla ya kazi. Cliff alikuwa anakunywa chai. Nilimwambia nataka kubadilisha maelezo yangu.

"Maelezo hayabadilishwi, dada. Unataka niseme ulikuwa unaota?"

"Sema nilidanganya."

"Unajua unajiandikia nini?"

"Nipe karatasi."

Akaweka kikombe chini. Kisha akatoa karatasi, akasema, "Nyinyi Wakenya mna shida." Lakini aliipeleka mwenyewe ghorofani, na nasikia alisema maneno mazuri juu yetu. Tumelipa faini wote wawili. Nililipa yangu na yake kwa ile bahasha yako, na safari hii hakukataa. Kadi imefungwa, hairudi. Metrine amerudishwa kazini kwa onyo la maandishi. Mimi pia nina onyo. Kliniki walitaka barua kabla ya mwisho wa Mei. Cliff hawezi kuitoa, na wao hawawezi kusubiri mpaka mkataba wangu uishe Novemba. Jana nilipita pale nikamwona msichana mwingine nyuma ya kioo, amevaa sare nyeupe. Nilirudi kwenye ndoo yangu.

Siku niliyobadilisha maelezo nilimwambia Metrine. Nilidhani atanikumbatia. Alisema, "Siku kumi nimekuwa mwizi, Velma. Usinisalimie bado." Basi sijamsalimia. Tunapanda basi la saa kumi na nusu wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Amehamishiwa zamu ya asubuhi.

Sasa kuhusu baba.

Nimeanza aya hii mara nyingi. Sitakuambia nimekusamehe, kwa sababu aliyefungwa si mimi. Sitakuambia pia nimekukasirikia, kwa sababu nimeandika neno lile lile kwa mkono huu, na kama wasingechelewa na tiketi ya ndege ya Metrine ningekuwa wewe. Lakini kuna jambo hulijui, nami naliandika ili ulijue.

Mama hajawahi kumsamehe baba kwa kutomzika Kukhu. Alimuuguza Kukhu peke yake miezi yote ile, akamzika na majirani, na mume wake akarudi baada ya miezi minne na hadithi ya pasi iliyopotea. Hakuiamini hata siku moja. Aliamini alikuwa na mwanamke Jeddah. Kila walipogombana, hata kwa jambo la chumvi, lilirudi hilo. Nimekua nikilisikia ukutani. Baba alikuwa anatoka nje. Hata siku ya mazishi yake mama alisema mbele ya jeneza, "Leo umewahi."

Tulicheka, Baba Mkubwa. Watoto wake tulicheka.

Mama ana miaka sitini na tisa, na ana akili zake zote. Mimi siwezi kumwambia, si jambo langu. Usimtumie salamu kupitia kwangu tena.

Velma


Ruwais, Ijumaa 5 Juni 2026

Mwanangu Velma,

Idi imepita. Nilikula kwa Hamdan, na nilimwomba radhi kwa kumtia katika uongo wa kichwa. Alisema alishasahau.

Pole kwa kliniki. Najua pole haina kazi. Novemba si mbali, na zipo kliniki nyingine. Kama utataka tena tiketi ya mwaka, nunua, sababu zangu nne sijaziondoa.

Kuhusu Metrine sina la kukufundisha. Kaa nyuma ya basi mpaka atakapokuita.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Sikujua. Nilidhani kunyamaza kwa Jackton kulinigharimu mimi peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akinilipia ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa miaka ishirini na sita, mbele ya watoto.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, kwa mama yako. Sikuifunga. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilianza na figo za Jackton, ya pili ilianza na kafili, ya tatu ilianza na hali ya wakati ule. Zote nimezichana. Hii ya nne inaanza hivi: "Shemeji Jerusha, mumeo hakuchelewa. Alikuwa gerezani, na aliyempeleka huko ni mimi."

Isome yote kabla hujaituma nyumbani. Wewe sasa unajua jinsi mtu anavyoandika mistari mitatu akajificha nyuma yake. Ukiona mahali popote ambapo bado nimejificha, piga mstari hapo, mpe Elly airudishe, niandike upya.

Solomon